Mpaka Damu Yangu Iliposhika

Kabla ya ugonjwa mimi nilikuwa mtu wa magunia. Watu wa Mabatini wananifahamu kama Mama Agneta wa mchele, ingawa jina nililopewa nyumbani ni Kabula. Nilizaliwa Magu katika familia ya wakulima wa mpunga, nikaolewa na Deogratias, Mhaya aliyekuja Mwanza kujifunza kuchomelea vyuma na hakurudi tena kwao. Yeye ana karakana ya mageti na madirisha. Mimi nina duka la mchele mtaa wa pili kutoka hapo. Nilikuwa nanunua mpunga Magu, naukoboa, nauleta mjini. Vijana wa kupakua walikuwepo, lakini sikuwa na subira ya kuwangoja. Gunia likisimama mlangoni nalikumbatia, naliburuta mwenyewe mpaka ndani, halafu ndipo nawasikia vijana wanakuja wakicheka. Nilizaa watoto watatu na baada ya kila mmoja nilirudi kazini kabla mama mkwe hajachoka kunipikia uji. Sikuwa mtu wa kuuguaugua.

Ugonjwa wenyewe haukuja kwa kishindo. Ulianza na uchovu. Nilijikuta napima mchele nikiwa nimekaa, jambo ambalo wateja wangu hawakulizoea. Kisha mgongo ukaanza kuuma, chini kidogo ya mbavu, maumivu ya kuchimba. Nikasema ni mizigo. Nikanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, nikameza, nikaendelea. Nilivimeza kwa miezi, bila kujua kwamba vilikuwa vinaziumiza figo zilizokuwa tayari zinaumia.

Baadaye ikaja kiu. Nilikunywa maji kama mtu aliyetoka kulima juani, na bado mdomo ulikuwa mkavu. Choo kikagoma, wiki nzima tumbo limejaa kama ngoma. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Nikashikwa na nimonia, nikapona, nikashikwa tena. Zahanati nilipewa dawa ya malaria, halafu ya taifodi, halafu ya mkojo mchafu. Siwalaumu waliokuwa wananitibu. Kila dalili niliyowapelekea nilimpelekea mtu tofauti, na hakuna aliyeziona zote zikiwa pamoja.

Siku mfupa ulipovunjika alikuja mteja mmoja, mwalimu, akataka debe moja la mchele wa Magu. Nikainama kuliinua. Nilisikia mlio mgongoni, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Nikapiga magoti palepale, mchele ukamwagika mbele yangu. Sikupiga kelele kwa sababu pumzi ilikuwa haipo. Yule mwalimu akanishika mabega akawa ananiambia nisijigeuze, huku akimtuma jirani karakana. Deo alikuja mbio, miwani yake ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Akainama kunitazama, akaniuliza kama nasikia miguu yangu. Nikamwambia naisikia, ila inawaka moto.

Tulipofika hospitali wakanipiga picha. Daktari akaiweka kwenye mwanga, na hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea, na mifupa mingine ilikuwa na vitundu vitundu, kama mahindi yaliyobunguliwa ghalani. Nikajua kwamba huu haukuwa mzigo wa debe moja.

Wakanipa rufaa kwenda hospitali kubwa hapahapa Mwanza, kwa daktari wa magonjwa ya damu. Alikuwa dada mdogo kwa umri, angeweza kuwa rika la Agneta wangu, na alipoingia alinisalimia shikamoo kabla ya kushika faili. Akanieleza kwamba atachukua uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa. Nililala ubavu. Wakanichoma ganzi kwenye nyonga. Sindano yenyewe ilipoingia sikuisikia sana, lakini walipovuta ule uloto nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia hata katika uchungu wa kuzaa. Ilikuwa kama mtu ananinyonya kutoka ndani ya mfupa mpaka kwenye unyayo. Ni muda mfupi tu. Nawaambia ili mkiambiwa mtapimwa hivyo, mjue kwamba kunauma na kunaisha.

Majibu yalipotoka, daktari aliniuliza nimekuja na nani. Deo akaitwa ndani. Daktari akavuta kiti akakaa karibu nasi.

"Mama, una saratani inayoanzia kwenye uloto," akasema. "Inaitwa mailoma. Ndiyo iliyokula mifupa, ndiyo iliyochafua figo, na ndiyo inayokufanya uugue nimonia kila mara. Hatuna dawa ya kuiondoa moja kwa moja. Lakini tunayo dawa ya kuinyamazisha, na watu wanaishi nayo miaka."

Deo akauliza kama ni magunia yaliyosababisha. Daktari akasema hapana, wala si kitu nilichokula, wala si mtu aliyenifanyia. Deo akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa amebeba swali hilo kwa muda, kwa sababu mara nyingi alikuwa ameniambia niache kubeba na mimi nikamcheka.

Tukaanza matibabu. Kila wiki nilichomwa sindano ya tumboni, chini ya ngozi, mahali panabaki pekundu kama pameumwa na siafu. Vilikuwepo na vidonge vya kumeza, na dripu ya kuimarisha mifupa. Kulikuwa na aina moja ya vidonge iliyonifanya nisipate usingizi, nile kama fisi, na nigombane na kila kilichokuwa mbele yangu. Siku za vidonge vile watoto walikuwa wanaulizana mlangoni kama mama amekwisha meza. Vidole vya miguu vikafa ganzi, na ganzi hiyo ninayo mpaka leo. Nilivaa mkanda mgumu wa mgongo ulionibana kama mtoto mchanga anavyofungwa nguo.

Lakini dawa zilifanya kazi. Kiu iliondoka. Mkojo ukasafika. Figo zikarudi taratibu, kila kipimo kikiwa afadhali kuliko kilichopita. Nikaweza kukaa dukani tena, si kubeba bali kusimamia, na wateja wakasema nimenenepa. Nikaamini kwamba habari imeisha.

Siku moja kliniki daktari akaniambia kwamba vipimo ni vizuri, na kwa sababu ni vizuri, anataka kunipeleka Dar es Salaam kwa upandikizaji.

Sikuelewa. Nikamwuliza mtu anapandikizwa akiwa anaumwa, au akiwa amepona?

"Hujapona, mama. Ugonjwa umelala," akasema. "Iko dawa kali kuliko zote nilizokupa. Inaweza kufika kwenye mabaki ambayo hizi hazikufika. Ubaya wake ni kwamba inaua na kiwanda cha damu. Kwa hiyo wenzangu watavuna kwanza seli shina zako. Hizo ni mbegu za damu. Watazihifadhi, watakupa dawa, halafu watakurudishia mbegu zako zikaanze upya."

Alinieleza mengi siku ile, na nitasema niliyoyashika. Alisema upandikizaji si dawa ya kila ugonjwa wa damu. Mtu mwenye saratani ya damu ya aina fulani, au mtoto mwenye selimundu kali, au mtu ambaye uloto wake umekauka hautengenezi tena kitu, hao mara nyingi huhitaji seli za mtu mwingine, na anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba na mama mmoja ambaye damu zao zinapatana. Mimi sikuhitaji mtu. Mbegu zilikuwa zangu mwenyewe. Alisema pia kwamba si kila mwenye mailoma anapelekwa. Wanaangalia moyo, mapafu, figo, nguvu za mwili, na kama ugonjwa umetii dawa. Nilipomwuliza kama watu hufa huko, hakunificha. Akasema wako wachache ambao hawavuki, na wengi wanaovuka hupata muda mrefu zaidi wa ugonjwa kulala, ingawa hakuna anayeweza kuniahidi ni muda gani.

Nikatoka pale nikiwa nimechanganyikiwa. Nilipokuwa naumwa, kila sindano niliipokea kwa sababu nilitaka maumivu yaishe. Sasa sikuwa na maumivu. Nilikuwa nakula, nalala, nacheka na wateja. Mtu mzima anaambiwa aende akaugue kwa hiari yake.

Deo alikataa. Hakukataa kwa ugomvi, yeye si mtu wa maneno mengi. Tulikuwa tumekaa mezani, akasukuma sahani yake pembeni akasema, "Umetoka kaburini, Mama Agneta. Sasa unataka kurudi kuangalia umesahau nini?" Kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wake.

Wakati huohuo mdogo wangu Mbuke alipata habari nusunusu huko Magu. Alichosikia ni kwamba dada yake anahitaji uloto wa ndugu. Akafika kwangu asubuhi akiwa na kuku chini ya kwapa, akasema yuko tayari, amekula maini wiki nzima ili damu yake iwe nzito. Nilipomweleza kwamba damu yake haihitajiki, machozi yalimlengalenga. Alijiona kama aliyekataliwa. Baadaye akauliza huko Dar nani atanihudumia. Nikamwambia hata safari yenyewe haijaamuliwa. Akasema ikiamuliwa ni yeye.

Aliyeiamua, kama ni lazima nimtaje mtu, ni Mzee Magesa. Huyu ni mtu wa Ukerewe, zamani alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, na ana ugonjwa kama wangu. Tulikuwa tunakutana kwenye benchi la kliniki. Siku hiyo Deo alikuwa amenisindikiza, na kwa kuwa wote ni mafundi wakaanza mazungumzo ya vyuma. Kutoka kwenye vyuma wakafika kwangu. Deo akamweleza kwamba daktari anataka kunipeleka kwenye dawa ya kuua uloto, na kwamba yeye haoni sababu ya kumchokoza nyoka aliyelala.

Mzee Magesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Fundi, mimi niliomba kwenda huko. Wakanipima moyo, wakaniambia hautahimili. Nimekubali, nameza vidonge vyangu, na siku zinakwenda vizuri tu. Lakini mlango ule kwangu umefungwa na moyo wangu mwenyewe. Wa mkeo usiufunge wewe."

Kesho yake nilimkuta Deo uani ameshusha sanduku letu la zamani kutoka juu ya kabati, analitengenezea mpini uliokatika. Nikaenda kumpigia daktari.

Mimi na Mbuke tulipanda ndege, yeye mara ya kwanza. Alishika rozari na mkono wangu kwa pamoja, na hakuachia mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Hospitali ya Dar walinipima upya kila kiungo. Wakaning'oa jino lililokuwa limeoza, kwa sababu walisema damu ikiisha kinga, jino kama hilo linaweza kukuua. Kisha nikaanza kuchomwa sindano za kuzifukuza mbegu zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Zile sindano ziliniuma vizuri. Nyonga na mfupa wa kifua vilikuwa vinapiga, duk, duk, kama vina moyo wake. Wauguzi wakaniambia hiyo ni dalili kwamba kiwanda kinafanya kazi.

Siku ya kuvuna waliniwekea mpira shingoni, nikalazwa kando ya mashine. Damu ilitoka kwa mpira mmoja, ikazungushwa ndani ya mashine, mbegu zikabaki na damu nyingine ikarudi mwilini. Nilikaa hapo saa nyingi. Midomo ilianza kunichezacheza kama imepakwa pilipili, nikamwambia muuguzi, akaniongezea dawa ya madini yaliyopungua, ikatulia. Mwishoni akanionyesha kifuko. Kilikuwa kidogo, rangi yake kama juisi ya nyanya. Mbuke akaomba akishike. Wakamkatalia kwa upole, akakiangalia kwa macho mpaka kilipopelekwa kwenye jokofu lake.

Dawa kali yenyewe ilikuwa dripu ya muda mfupi. Kabla haijaanza niliwekewa bakuli la barafu, nikaambiwa nitafune, nisiache mdomo upate joto, ili dawa isipenye sana huko na vidonda viwe vichache. Nilitafuna barafu mpaka fizi zikafa ganzi na meno yakalia. Baada ya hapo wakasubiri dawa ipite mwilini, ndipo wakaleta kifuko changu. Wakakitundika, kikashuka taratibu kama damu ya kawaida. Padri wa hospitali alikuwa amekuja kuniombea, na sala haikuwa ndefu, lakini kifuko kilikuwa karibu kuisha alipomaliza.

Mbuke akamwuliza muuguzi, "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, dada," muuguzi akasema. "Kazi inaanza sasa."

Ilianza kweli. Siku chache nilikuwa na nguvu, nikadhani nimetishwa bure. Kisha kila kitu kikashuka kwa pamoja. Kuharisha kulianza, maji matupu, mpaka ngozi ya nyuma ikachubuka na kukaa kukawa adhabu. Nilitapika hata mate. Pamoja na barafu yote ile, vidonda vilitokea mdomoni, vyeupe, kwenye ulimi, mashavuni kwa ndani, mpaka kooni. Kumeza mate ilikuwa kama kumeza wembe. Nywele zilibaki kwenye mto. Mbuke akaja na mkasi na wembe akanimalizia, akaimba polepole alipokuwa ananinyoa. Damu ilinitoka puani, wakaniongeza chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Wakaniongeza na damu ya kawaida. Sikuwajua waliochangia, na mpaka leo siwajui. Nikiona sasa watu wamepanga foleni kuchangia damu, nasimama kuwatazama.

Chumba kilikuwa changu peke yangu. Kila aliyeingia alinawa na kuvaa barakoa, na mimi nikawa namjua mtu kwa macho tu. Deo alikuwa anapiga simu kila siku saa za kazi. Nilipokuwa siwezi kuongea kwa sababu ya vidonda, alifikiri akapata njia yake. Aliiweka simu juu ya meza ya karakana, akaendelea na kazi, na mimi nikasikiliza nyundo, na vijana wake wakibishana mpira, na yeye akiwakemea. Mbuke alinishikia simu sikioni. Sikuwahi kujua kwamba sauti ya nyundo inaweza kumtuliza mtu.

Kisha ikaja homa. Nilitetemeka mchana kweupe mpaka kitanda kikalia. Madaktari wakaja haraka, wakachukua damu ya kupima, wakaniwekea dawa za kuua vijidudu palepale, bila kusubiri majibu, kwa sababu sikuwa na chembe nyeupe hata za kuhesabu. Kesho yake homa ikarudi. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Sikuogopa kufa. Nilitaka tu mtu asiniguse. Nikamnong'oneza Mbuke kwamba ampigie Baba Agneta, amwambie aje anichukue, mimi nimemaliza.

Hakupiga. Alivuta kiti, akakaa na barakoa yake, akaanza kunisemesha kama tuko nyumbani.

"Dada, wewe umekaa mjini sana, umesahau," akasema. "Ukishang'oa mche kitaluni ukaupandikiza kwenye jaruba, unanyauka. Unakuwa wa njano, unalala kwenye maji. Mgeni akipita anasema shamba limekufa. Baba alikuwa anatukataza hata kuugusa. Hakuna kazi ya kufanya siku zile, ni kulinda maji tu. Wewe sasa uko siku zile. Mimi nalinda maji."

Sikumwomba tena apige simu.

Homa ilishuka kabla sijajua kwamba imeshuka. Niligundua kwa sababu nilisikia harufu ya chai ya muuguzi kwenye korido na haikunitapisha. Asubuhi iliyofuata daktari mkuu wa wodi aliingia na wenzake wawili, na macho juu ya barakoa yalikuwa yanacheka. Akasema chembe nyeupe zimeonekana. Ni chache, lakini hazikuwepo, na sasa zipo. Wakasubiri, wakapima tena, zikawa zimeongezeka. Ndipo akasema neno nililokuwa nalingoja: "Mama, zimeshika."

Mbuke akatoka nje ya chumba. Nilimsikia akilia huko koridoni, kwa sauti, kama watu wanavyolia Magu, na wauguzi wakimwuliza nani amefariki.

Nilirudi Mwanza nikiwa nimepungua nusu. Uwanja wa ndege Deo alinitazama, akachukua lile sanduku, akatembea hatua moja nyuma yangu mpaka kwenye gari, kama anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea. Nyumbani alikuwa ameweka stendi ya chuma mlangoni, ameichomelea mwenyewe, yenye ndoo ya maji, bomba na sabuni. Kila aliyekuja alinawa kwanza. Daktari alikuwa ameniambia nisikae kwenye watu wengi, nisile kachumbari wala chakula kilicholala, na nisishikane mikono. Hilo la mikono lilileta maneno. Kwetu mtu asipokupa mkono anakudharau. Shangazi mmoja wa Deo aliondoka amenuna. Deo alimfuata barabarani akamweleza, na sijui alimwambia nini, lakini Jumapili yake alirudi, akanawa kwenye ndoo, akanisalimia akiwa amefunga mikono nyuma.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni chanjo. Ile dawa kali ilikuwa imefuta kinga zote, hata zile za utotoni, kwa hiyo muda ulipofika niliagizwa nikachanjwe upya. Nikajikuta kliniki ya watoto, kati ya akina mama wenye vichanga. Mama mmoja kijana akasogea akanipisha, akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo bibi, mjukuu wako yuko wapi?" Nikamwambia marahaba, mjukuu ni mimi. Nilipochomwa, kichanga kilichokuwa mbele yangu kilikuwa bado kinalia, na mimi nikalia kidogo pamoja nacho, si kwa maumivu.

Sasa niwaambie nilivyo leo, bila kuongeza wala kupunguza. Ugonjwa umelala. Kila jioni nameza kidonge cha kuulinda usiamke, na kliniki siachi. Unaweza kurudi, nimeambiwa hivyo, na ukirudi kuna njia nyingine za kuushika. Mgongo haurudi ulivyokuwa. Nimepungua urefu, sketi zangu za zamani zinafagia chini, na Deo anasema alioa mwanamke mrefu akabaki na mfupi. Magunia sibebi. Vijana wanabeba, na mimi nimejifunza kuwangoja. Mzee Magesa naye yupo, na vidonge vyake. Tukikutana kliniki ananiuliza habari za huko alikokatazwa kwenda, na mimi namwuliza habari za Ukerewe. Msidhani kwamba asiyepandikizwa ndiye aliyepoteza.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa Dar, na wale niliopokea damu yao bila kuwajua. Namshukuru Mbuke, ambaye alirudi Magu akakuta mpunga wake umepaliwa na majirani. Na ninachowaomba ninyi ni hiki. Mgongo unaouma miezi, pamoja na uchovu, na kiu, na nimonia za kurudiarudia, usiuzime kwa vidonge vya duka la dawa kama nilivyofanya. Mwambie daktari mmoja mambo yote kwa pamoja. Na ukiambiwa una mailoma, uliza mapema kama upandikizaji unakufaa. Ukiambiwa haukufai, uliza nini kinakufaa. Usiende peke yako kusikiliza majibu.

Mwezi uliopita wauguzi wa kliniki waliniletea dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko karibu na Bujora. Amepangiwa safari ya Dar kama yangu. Alikuja dukani na mume wake, wakakaa kwenye magunia, na nikajitayarisha kumweleza habari za mbegu na mashine na homa. Alikuwa anazijua zote, daktari alikuwa amemweleza. Alikuwa anageuza pete kidoleni. Mwishowe akasema amesikia kuhusu vidonda, kwamba mdomo unaoza, na yeye kazi yake ni kufundisha, anaishi kwa mdomo. Akaniomba samahani kwanza, kisha akauliza kama anaweza kuona mdomo wangu.

Nikasogea mlangoni kwenye mwanga, nikaufungua. Nikainua ulimi. Nikavuta shavu moja kwa kidole, halafu la pili. Akaangalia kwa makini, kama anavyoangalia madaftari ya wanafunzi, mume wake naye akichungulia juu ya bega lake.

"Kumbe kunapona kabisa," akasema.

"Kunapona," nikamwambia.

Akapumua. Halafu akaagiza kilo mbili za mchele, na nikampimia mwenyewe, nikiwa nimesimama.